Nani Aliitwa Muungwana

Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, neno muungwana lilikuwa na kinyume chake kilichojulikana na kila mtu, na kinyume hicho hakikuwa mtu mwenye tabia mbaya. Kilikuwa mtumwa. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaotajika na mtaa unaomjua, na adabu, elimu ya dini na usemi mzuri vilihesabiwa kuwa vyake kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Leo mtu akimwambia mwenzake "wewe ni muungwana", hasemi lolote juu ya babu zake. Anasema kwamba amelipa deni bila kusumbuliwa, ametimiza ahadi, hakumdhalilisha aliye chini yake. Mchukuzi wa bandarini anaweza kuitwa hivyo, na mjukuu wa watu walionunuliwa katika soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, pia, na mwana wa mwinyi anaweza kunyimwa. Swali kama wanadamu wamepiga hatua ya kweli katika maadili na siasa huulizwa mara nyingi kwa vipimo vikubwa mno: vita vya dunia, dawa na mabomu, idadi ya waliokufa na ya waliopona. Nitalijibu kwa kulifuata neno hili moja na watu waliowekwa nje yake, kwa kuwa naamini wao ndio wenye ushahidi unaohitajika. Jibu langu ni ndiyo, hatua imepigwa, lakini ni ndiyo yenye masharti, na baadhi ya masharti hayo hayawapendezi wale wanaoyasifu maendeleo kwa sauti kubwa.

Lugha yenyewe imetunza mpangilio wa jamii ile. Mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala desturi za pwani, aliitwa mjinga. Neno ambalo sasa tunamtupia yeyote asiyejua jambo lilikuwa jina la daraja, la mtu aliyeng'olewa kwao na kuhesabiwa kwamba hajui chochote kwa sababu hajui vya hapa. Aliyezaliwa pwani utumwani aliitwa mzalia, naye alikuwa amepanda ngazi moja. Watumwa wa bwana mmoja walikuwa wajoli. Mwanamke ambaye bwana wake alimtwaa kitandani alikuwa suria. Mtoto aliyezaa na bwana huyo alikuwa huru kwa sheria ya dini, na mama hakuweza kuuzwa tena, lakini uhuru wake mwenyewe ulingoja kifo cha bwana. Katika Mombasa na Unguja Mjini mtumwa aliweza kutumwa akatafute kazi ya siku kwa wafanyabiashara, akapewa kikaratasi cha kuonyesha kazi aliyoifanya, na ujira wake akagawana na bwana. Kikaratasi hicho ndicho kibarua, barua ndogo, na hapo ndipo tulipopata jina la kila anayefanya kazi ya kutwa. Wako wanaosema kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mpole ukilinganishwa na ule wa mashamba ya miwa ya Karibiani. Tofauti zilikuwapo, na mtu mwaminifu hawezi kuzikana: mtumwa wa pwani aliweza kuoa, kufanya biashara, hata kuongoza msafara. Lakini palikuwa pia na mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na makadirio ya miaka ya 1860 yanataja kati ya watu 15,000 na 20,000 waliopitishwa Unguja kila mwaka baada ya safari ya miguu iliyoua wengi kabla ya kuiona bahari. Upole wa bwana ulikuwa hisani yake. Akikasirika, akifilisika au akifa, hakuna aliyewajibika kumweleza mtumwa kwa nini maisha yake yamepinduka.

Tazama sasa jinsi jambo hilo lilivyokwisha. Mwaka 1822 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba na Waingereza wa kukataza watumwa kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 akakubali kukataza kuwapeleka nje ya milki yake ya Afrika. Tarehe 5 Juni 1873 mwanawe, Seyyid Barghash, ambaye kwanza alimkatalia mjumbe wa Uingereza Sir Bartle Frere na kisha akatishiwa kuzingirwa kwa manowari, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana liliwekwa Mkunazini, palepale sokoni. Anayelitazama kanisa hilo leo anaweza kuamini kwamba utumwa ulikwisha siku moja, na kwamba altare ilichukua nafasi ya mnada asubuhi yake. Kufungwa kwa soko hakukumwacha huru mtu hata mmoja aliyekwisha kununuliwa. Misafara ilihamia nchi kavu ikafuata pwani kuelekea kaskazini, mpaka 1876 ilipokatazwa nayo. Mwaka 1890 Seyyid Ali bin Said alikataza kuuza na kubadilishana watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed aliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, maana yake mahakama hazingemsikiliza tena anayedai kwamba mtu fulani ni mali yake. Hata hapo, aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, na kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kuishi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na aliyelipwa fidia alikuwa bwana. Masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake wa nyumba, ila kwa anayeweza kuthibitisha ukatili, mpaka amri ya 1909 ilipowafikia. Mwambao wa Kenya ulingoja hadi 1907. Tanganyika, Wajerumani hawakuufuta utumwa kamwe: walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru, na ikabidi sheria ya Waingereza ya 1922 imalize kazi hiyo. Kutoka mkataba wa kwanza hadi sheria ya mwisho ni miaka 100 kamili.

Orodha hiyo ya tarehe inasomwa kwa njia mbili, na zote mbili zina makosa. Wa kwanza anaisoma kama ngazi: ubinadamu unapanda, kidato baada ya kidato, na kila kidato ni ushindi. Wa pili anaisoma kama udanganyifu: kila mara walitangaza mwisho, na kila mara palibaki mtu ndani ya pingu. Mimi naona kwamba kila hatua ilikuwa ya kweli na kila hatua ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa, na kwamba tunaweza kusema kwa usahihi ni nini kilichobadilika. Kabla ya 1897, kijakazi wa Unguja aliyechoka kupigwa alikuwa na njia tatu: kuvumilia, kumwomba mtu mkubwa amsemee kwa bwana, au kutoroka. Baada ya 1897 aliweza kufika mbele ya hakimu akasema neno moja, na bwana wake akalazimika kujibu. Mabwana hawakuwa wema zaidi mwaka ule kuliko mwaka uliotangulia, wala roho za watu wa Unguja hazikubadilishwa na karatasi iliyotiwa saini ikulu. Mtu ambaye jana hakuwa na mahali pa kudai alipata mahali hapo, na ambaye jana hakuwa na haja ya kujibu alianza kujibu. Hicho ndicho ninachokiita maendeleo ya kimaadili, na sidhani kuna kingine kinachostahili jina hilo. Tukikitafuta ndani ya mioyo hatutakipata, kwa kuwa hakuna anayeweza kuipima mioyo ya mwaka 1800 na ya leo akatuletea tofauti. Tukikitafuta katika madai na majibu, kinaonekana na kinahesabika.

Pingamizi la kwanza, ambalo wasomi wetu wengi hulitoa na wana sababu, ni kwamba haya yote yalikuwa maslahi ya Uingereza yaliyovikwa joho la huruma. Nchi iliyopigana na jahazi za watumwa katika Bahari ya Hindi ndiyo iliyokuwa imesafirisha mamilioni kuvuka Atlantiki. Bunge lake lilipofuta utumwa katika makoloni mwaka 1833 lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa mabwana, wala si waliotumikishwa, na deni la mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo halikumalizwa kulipwa mpaka 2015. Chama cha kimisheni cha Kanisa la Uingereza kilimiliki shamba la miwa la Codrington huko Barbados, pamoja na watumwa wake, kwa zaidi ya karne moja. Yote hayo ni kweli, na meli za doria zilikuja na masilahi ya biashara na hatimaye na bendera. Lakini nia mbaya ya aliyefungua mlango haimrudishi aliyepita humo gerezani. Tena si kweli kwamba wazo lenyewe lilikuwa la Ulaya peke yake. Ahmad Bey wa Tunis alifunga soko la watumwa la mji wake mwaka 1841 na kuufuta utumwa mwaka 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa na kumi na tisa kabla ya Marekani, na aliungwa mkono na mamufti wakubwa wa nchi yake, wa Kimaliki na wa Kihanafi. Hoja ilisimama juu ya fikihi yenyewe: masharti ambayo dini iliyaweka kwa mwenye kumiliki mtu hayatimizwi, na asili ya utumwa wa wengi wao ina shaka, basi hakuna tena msingi wa kuuendeleza. Na kabla ya hao wote, huko Haiti, watumwa walisimama mwaka 1791 na kufikia 1804 walikuwa na dola yao. Ndipo mwaka 1825 Ufaransa ikawatoza fidia kwa ajili ya mabwana waliokimbia. Aliyesema uhuru ni zawadi ya Ulaya hajaisoma Haiti.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu historia ya kukomeshwa kwa utumwa pwani huandikwa kwa majina ya masultani, makonseli na maaskofu, na wenye jambo lenyewe huonekana wamekaa wakisubiri. Hawakusubiri. Nyuma ya Mombasa na Malindi palikuwa na vijiji vya watoro, kama Fuladoyo, na kaskazini Sultani Ahmed wa Witu aliwapokea waliokimbia mashamba. Misheni ya Rabai ilijaa watoro kiasi kwamba mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa iliona heri iwalipe mabwana fidia na kuwapa hati za uhuru watu wapatao 1,400, kuliko kujaribu kuwarudisha. Barani, wapagazi na askari wa misafara, ambao wengi wao walikuwa watumwa wa watu wa pwani, walijitambulisha kwa wenyeji kuwa waungwana. Walikuwa mbali na wale waliojua nasaba zao, wakajitwalia neno walilonyimwa nyumbani. Kiswahili walichokipeleka hadi mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana, na jina hilo halijafutika. Sheria ya 1897 ilikuwa bado haijawazwa na mtu yeyote ikulu, nao walikwisha kujiandika wenyewe ndani ya neno. Na alipozaliwa mtoto mmoja wa kike huko Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, aliitwa Mtumwa. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu na muuzaji wa barabarani kabla ya mji wote kumjua kwa sauti yake, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za kwanza za uimbaji wa Kiswahili wa kike. Dunia inamjua kwa jina la Siti binti Saad, na siti maana yake bibi mwenye heshima. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili wasifu.

Watoro hao ndio wanaojibu pingamizi la pili, ambalo ni la kifalsafa na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Linasema: mnapima zama za kale kwa kipimo cha leo, halafu mnashangaa zama za leo zinashinda. Kila zama ina kipimo chake. Muungwana wa Lamu mwaka 1800 hakuona kosa lolote, na kama kipimo chake kingebaki, leo tungesema tumerudi nyuma kwa kuwaacha watumwa waende. Lakini nani alisema kwamba kipimo cha zama ni kipimo cha muungwana wa Lamu? Katika nyumba ileile alilala mtu mwingine wa zama zileile, aliyekula chakula cha jikoni mlemle, na maoni yake tunayajua kwa sababu aliyaandika kwa miguu yake usiku alipotoroka. Aristotle mwenyewe, aliyefundisha kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile, alikiri kwamba katika siku zake walikuwapo waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile na unasimama kwa nguvu tu. Kwa hiyo hatuletei zama za kale kipimo kigeni. Tunachukua kipimo kilichokuwamo humo tangu mwanzo, mikononi mwa watu ambao hawakuruhusiwa kukitumia. Na anayelalamika kwamba zamani kulikuwa na utu na sasa umekwisha, namwomba kwa heshima ajiulize anakumbuka utu huo akiwa amekaa wapi katika ile nyumba, barazani au uani.

Kwa watu wa dini swali linakuja kwa sura nyingine. Ikiwa haki imeteremshwa na Mungu, na watu bora walikuwa wale wa mwanzo walioipokea, maadili yanawezaje kuendelea mbele? Naliheshimu swali hili, na nadhani historia ya utumwa inalijibu bila kumkosea mtu imani yake. Qurani imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya makosa kadhaa na ikatenga fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa. Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa. Mbegu ilikuwapo katika dini zote mbili, na waumini wa dini zote mbili waliipita kwa karne nyingi wakiwa na vitabu mikononi. Kilichoendelea mbele ni usomaji wetu. Mamufti wa Tunis hawakuongeza aya. Walisoma zilizokuwapo wakiwa na sura za watumwa wa mji wao mbele ya macho. Anayeamini kwamba haki ni ya milele ana sababu zaidi ya kukiri kwamba wanadamu waliichelewa, na kuchelewa huko kulikuwa kosa letu, wala hakukuwa upungufu wa ujumbe.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mwanahistoria wa ukoloni, na lisipojibiwa vizuri hoja yangu yote inaanguka. Linasema utumwa haukukomeshwa, ulibadilishiwa jina. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitambuliwa kuwa mtawala wa Kongo mwaka 1885 akijinadi kuwa adui wa wafanyabiashara ya watumwa; mwaka 1889 na 1890 mkutano wa mataifa dhidi ya biashara hiyo ulifanyika katika mji wake mkuu, Brussels; na katika miaka hiyohiyo watu wake walianza kuwashurutisha Wakongo kukusanya mpira wa msituni kwa kuwateka wake zao, na kukata mikono ya wanavijiji ilipoonekana kiasi hakikutimia. Tanganyika, watu walilazimishwa kulima pamba hadi wakasimama katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Kenya, kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika alivishwa shingoni kipande, hati yenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri, ndani ya kijaluba cha chuma. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga wafanyakazi walioletwa kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mjinga, kibarua, manamba: mtu anaweza kusema msamiati ulibadilika na mgongo ukabaki uleule.

Siwezi kupunguza hata neno moja la ushahidi huo. Lakini tazama kilichotokea kwa kila mtenda hayo. Leopold alikuwa amejifunga kwa maneno yake. Picha alizopiga mmisionari Alice Seeley Harris za watu waliokatwa mikono zilipooneshwa Ulaya na Marekani, hakuweza kusema, kama mfanyabiashara wa watumwa wa karne ya kumi na nane angeweza kusema, kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyo. Ilimbidi akane, aunde tume, na mwaka 1908 aiachie Kongo serikali ya Ubelgiji. Nairobi, mwaka 1922, Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga kipande, kodi, na wanawake kushurutishwa kazi mashambani, umati uliokusanyika kumdai ulipigwa risasi, na waliokufa hawakupungua 21. Madai yao yalitumia ahadi ambayo dola ilikuwa imeitoa yenyewe: mlisema utumwa umekwisha, basi hii ni nini? Dola iliwajibu kwa risasi siku ile, lakini haikuweza tena kujibu kwa ukweli kwamba haioni kosa. Haki ikishakubaliwa hadharani, hata kwa unafiki, huwa chombo mikononi mwa anayenyimwa. Mkoloni alijua hivyo, ndiyo maana aliogopa shule zaidi ya mikuki.

Karne ya ishirini inabaki, pamoja na yote tuliyoyaona karibu na milango yetu. Hakuna sheria ya historia inayotuhakikishia kwenda mbele. Condorcet, Mfaransa aliyeamini hilo kuliko wote, aliandika kitabu chake cha maendeleo ya akili ya binadamu akiwa mafichoni, akisakwa na mapinduzi aliyoyapigania, na Machi 1794 akafa gerezani. Unguja, kumbukumbu ya utumwa iligeuzwa kuwa silaha ya siasa katika miaka ya mwisho ya 1950, na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 maelfu waliuawa, wengi wao maskini wenye vibanda na maduka madogo ambao hawakuwahi kummiliki mtu. Dhuluma ya kweli ilitumiwa kuhalalisha dhuluma mpya. Rwanda, mwaka 1994, watu wapatao 800,000 waliuawa kwa takriban siku 100, kwa mapanga ya majirani na kwa orodha za ofisini; dola ya kisasa, yenye vitambulisho na redio, ndiyo iliyowezesha mauaji hayo. Naomba lakini tuangalie pia kilichofuata Arusha, katika mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashtaka ya kwanza haikutaja ubakaji. Mashahidi wanawake walipousimulia mahakamani, hati ilibidi ibadilishwe mwaka 1997, na Septemba 1998 mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Hakuna aliyefufuka kwa hukumu hiyo. Lakini tangu vita vianze kuandikwa, miili ya wanawake ilihesabiwa miongoni mwa nyara, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kusema neno hilo, na ilisema kwa sababu wanawake wa kijijini walikataa kuliruka katika ushahidi wao.

Wanawake, kwa kweli, ndio wanaoonyesha vizuri zaidi mahali ambapo hatua zetu huishia njiani. Masuria waliachwa mwaka 1897 kwa sababu mambo ya ndani ya nyumba yalihesabiwa kuwa hayamhusu hakimu. Mwaka 1970, Unguja huru, iliyojengwa juu ya kiapo cha usawa, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na wazee wao waliopinga waliadhibiwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akingoja 18. Ilichukua mpaka 2016 kwa mwanaharakati Rebeca Gyumi kuipeleka serikali Mahakama Kuu na kushinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema yeye ndiye mwenye haki. Fikiria umbali huo: kutoka suria asiye na pa kusemea, hadi mwanamke kijana anayeiita dola mahakamani ijibu kwa ajili ya wasichana ambao hawajui hata jina lake. Nikiambiwa hapo kwamba hakuna kilichobadilika, nitakataa kwa moyo wangu wote.

Lazima pia niseme neno juu ya maendeleo, kwa kuwa tumelitumia hadi limechakaa. Kuendelea ni kwenda mbele tu, bila kusema unakwenda wapi wala nani kakutuma. Mamilioni ya wakulima wa Tanzania walihamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976 kwa jina la maendeleo yao, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao, ingawa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amefundisha kwamba watu hawaendelezwi kama ng'ombe, hujiendeleza. Shule na zahanati zilizofuata zilikuwa za kweli, na nisingependa mtu azidharau. Kasoro ilikuwa kwamba mkulima hakuwa na mahali pa kusema hapana na kujibiwa. Kwa kipimo ninachotetea, jamii inaweza kuwa na barabara na umeme zaidi na ikawa imerudi nyuma, na hapo sitetei zamani dhidi ya sasa; nauliza swali lilelile kwa zama zote.

Na likiulizwa sasa, linatupeleka kwenye nyumba za Ghuba. Saudi Arabia ilifuta utumwa mwaka 1962, Oman mwaka 1970. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 ulimwenguni walikuwa katika kazi za kulazimishwa. Maelfu ya wanawake kutoka Mombasa, Kampala na Tanga wanafanya kazi za ndani huko chini ya utaratibu wa kafala, ambao unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Hawakununuliwa, wana mkataba na mshahara, na hiyo si tofauti ndogo. Lakini wengi husimulia kwamba pasipoti ilichukuliwa siku walipofika, na anayeondoka bila ruhusa huripotiwa kuwa ametoroka, neno ambalo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Machi 2021 Saudi Arabia ilianza kuruhusu wafanyakazi wa kigeni kuhama kwa mwajiri mwingine bila idhini ya yule wa kwanza, na kuondoka nchini bila kibali chake. Ni hatua kubwa, na ni ya kweli. Wafanyakazi wa majumbani hawakuwamo. Mwaka 1897 masuria wa Unguja hawakuwamo pia, kwa sababu ileile ya nyumba, na walingoja miaka 12.